Kocha Aliyepiga Marufuku Shikamoo Uwanjani

Jumapili jioni. Babati inanyeshewa tangu asubuhi, na mimi nimekaa ndani na hasira ambazo sijui nimpe nani.

Jana timu yetu ya raga ilishinda. Raga ile ya wachezaji kumi na watatu, ambayo nusu ya mji haijui sheria zake, na mimi mjumbe wa kamati nazijua kwa shida. Tuliwafunga watu wa Arusha, ambao miaka yote huja hapa kama wamealikwa pilau.

Ningepaswa kufurahi.

Kesho kamati inapiga kura ya kumfukuza kocha, na hoja hiyo niliiandika mimi. Kwenye blogu hii hii nilimwita dikteta.

Kocha ni Mama Neema, aliyehamia hapa mtaani kwetu Nangara kutoka Mbeya. Alipofika alikuta jambo ambalo sisi tuliliita adabu: vijana wetu hawamwangushi mwenye mpira akiwa amewazidi umri. Mmoja alimwamkia mpinzani mwenye mvi katikati ya mechi. Jamaa akaitikia "marahaba" huku akimpita na mpira, akaenda kufunga. Mama Neema hakucheka. Akaweka sheria: shikamoo inaishia kwenye mstari wa chaki. Ndani hakuna mkubwa.

Kisha akamgeukia nahodha, mdogo wangu Boay, mwalimu aliyewafundisha wengi wa wachezaji hao. Akawaamuru vijana wambwage kwenye tope, mmoja baada ya mwingine.

"Samahani, mwalimu," kijana anasema.

"Rudia!" mama anafoka. "Unamwomba radhi au unamkaba?"

Halafu akamweka Boay benchi.

Nilichemka. Maisha yangu yote nimepigana na watu wanaoongoza kwa kufoka. Nikaandika kwamba huyu mama anavunja utu wa watu na kuuita mazoezi. Bado naamini hivyo. Nadhani.

Lakini jana nilimwona kijana mwembamba akilidaka miguu jitu la Arusha na kulilaza chini. Mchezo ulipoisha, alilifuata nje ya chaki akaliamkia kwa heshima zote. Utu niliosema unavunjwa, niliuona mzima pale. Nami nimezoea kuwa na jibu la kila kitu.

Leo mchana Boay alikuja. Nilitarajia shukrani. Alikataa hata chai.

"Kaka, umenitetea bila kuniuliza. Mimi nilikuwa mzito, watu wakaniheshimu tu. Mama ndiye wa kwanza kuniambia. Mkimfukuza, na mimi naondoka."

Hajawahi kunibishia tangu azaliwe. Nilijisikia nimetukanwa. Pia nilijisikia fahari, na sielewi vitu hivyo viwili vinakaaje ndani ya mtu mmoja.

Nikiifuta hoja, nimekubali kwamba kufoka kunajenga. Nikiiacha, nitampoteza mdogo wangu, na pengine timu nzima.

Nimemwomba Boay aje mkutanoni azungumze kabla yangu. Nitakachosema baada yake sikijui. Nitakaa, ninyamaze, nimsikilize mpaka amalize.

Hivi nitaweza?