Mara Saba Hadi Maporomokoni

Jumatatu, 6 Novemba. Mutsamudu.

Nimekimbia hadi maporomokoni mara tatu kabla jua halijachoma, nisiwaze. Goti la kulia lalalamika. Wanawake wa kufua wamenizoea, hawainui tena vichwa. Nimerudi, chai ya rangi bila sukari, muhogo wa jana. Sukari hakuna dukani wiki ya pili. Mafuta ya taa hakuna. Kisiwa kimejitenga na wenzake na wenzake wamekifungia njia, na sisi tuliomo ndani tunakaangwa kwa mafuta yetu wenyewe.

Nimekaa kibarazani nikadarizi kofia. Hakuna atakayeinunua. Nadarizi ili mikono isikae bure.

Mwaka na nusu leo tangu nitoke Moroni mbiombio, siku zile watu wa kisiwa chetu hiki cha Nzwani walipokuwa wakisakwa mitaani kule. Zainaba mwenyewe ndiye aliyenisukuma: nenda, Masudi, watulie kwanza, utarudi. Nilidhani wiki mbili. Nyumba yetu ya Badjanani, mtaa wa Moroni, ni yake, hii ninayolala ni ya dada yangu Moina. Mwanamume wa visiwa hivi hana nyumba, ana mke. Mimi hata mke yuko ng'ambo.

Naandika Kiswahili, lugha niliyokulia Unguja, kwa sababu shemeji Hamidu anapekua kila kitu na hiki hawezi kukisoma. Hamidu, kama umejifunza, potelea mbali.

Jumatano, 8 Novemba

Barua ya Zainaba. Imepitia kisiwa cha Mwali mikononi mwa mama mmoja muuza vitambaa, imechukua siku kumi na saba. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa chini, nimeisoma tena.

Mjomba wake, Mjomba Saidi, amempeleka kwa kadhi. Kwamba mume hayupo, halishi, halali nyumbani, na binti yao hakuzaliwa kungojea mtu wa Nzwani. Kadhi ametoa muda. Mwezi wa Ramadhani ukiandama nami sijafika mwenyewe mlangoni kwa mke wangu, ndoa inavunjwa jioni hiyohiyo. Barua haitoshi. Salamu hazitoshi. Niwepo.

Chini ameandika: "Mimi sijasema nataka. Njoo."

Leo tarehe kumi na moja Shaabani. Siku kumi na nane, au kumi na tisa mwezi ukikawia. Nimekwenda bandarini, nimekwenda kwa wenye mashua. Mmoja alirudishwa kwa risasi wiki iliyopita, ananiangalia kama mwendawazimu. Simu zimekatwa. Ndege haziruki. Nimechanganyikiwa.

Alhamisi, 9 Novemba

Wametangaza baada ya adhuhuri kwa kipaza sauti. Wapatanishi kutoka nje wanakuja, na wakubwa wetu wanataka wageni waone kisiwa kimetulia, watu wanacheza na kucheka. Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 26 asubuhi kuna marathoni. Ndogo, ya hapahapa: kutoka darajani, kufuata njia ya mtoni mpaka maporomokoni na kurudi. Mara saba. Mkuu wa michezo amepima kwa kamba, anasema mara saba ndiyo marathoni kamili.

Wa pili atapewa redio. Wa kwanza atapanda ndege ya wapatanishi jioni hiyo kutoka uwanja wa Ouani, apeleke Moroni salamu za vijana wa Mutsamudu, arudi nayo baada ya siku tatu.

Nina miaka arobaini na tatu. Nimejiandikisha kati ya vijana. Karani amecheka mpaka kalamu ikamwanguka. Nami nimecheka. Nilipotoka nje nimekwenda moja kwa moja mtoni.

Jumapili, 12 Novemba

Mara nne. Ya nne nimetembea.

Anayenitia hofu ni Abdu, mchukuzi wa bandarini, ana miguu ya kubebea magunia na pumzi hazimwishi. Mtu mwema, hilo ndilo linaloudhi. Leo amenisubiri kwenye kivuko, pale njia inapokata mto, akanionyesha mawe ya kukanyaga na yale ya kuepuka. "Fundi Masudi, hili jeusi usiliguse, lina utelezi." Nimemshukuru. Nimeyahesabu: saba, jeusi ni la tano.

Nimemuuliza kwa nini anataka kushinda. Ana mama yake hospitalini Moroni. Nilijuta kuuliza.

Jumatano, 15 Novemba

Hamidu amesema mbele ya watu, sahani ikiwa katikati, kwamba mtu anayekimbia ovyo anakula kuliko mtu anayekaa. Dada ameinamisha kichwa. Sikula tena. Kumi na nane Shaabani.

Mara tano kwa tumbo tupu. Kizunguzungu.

Ijumaa, 17 Novemba

Msikitini wanabishana juu ya mwezi. Zamani Moroni ikiuona, redio inatangaza, visiwa vyote vinafunga siku moja. Sasa redio ya Moroni haishikiki hapa, na anayejaribu kuishika anaulizwa maswali. Kadhi wetu amesema tutautazama wenyewe kwa macho yetu wenyewe. Watu wakaitikia, wengine kwa kiburi, wengine basi tu.

Mimi hilo halinihusu. Nilihesabu siku nikiwa nimesujudu, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 20 Novemba

Goti limevimba. Dada Moina amelifunga majani ya mbono yaliyopashwa moto.  Kisha akasema, kaka, kama ni Zainaba, sema ni Zainaba. Nikasema ni Zainaba. Akaniletea mayai mawili aliyoyaficha, akanisimamia mpaka nikayamaliza, kama nina miaka sita.

Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Alhamisi, 23 Novemba

Milio ya bunduki bandarini saa nne asubuhi. Maduka yakafungwa, yakafunguliwa. Wanasema marathoni imefutwa. Wanasema haijafutwa. Nimekwenda kwa karani mara tatu. Mara ya tatu amenifukuza.

Kama imefutwa nitaogelea. Naandika upuuzi. Siwezi kuogelea hata mpaka kwenye boya.

Jumamosi, 25 Novemba

Haijafutwa. Wapatanishi wamefika, nimeiona ndege yao ikishuka upande wa Ouani, ndogo mno, nyeupe.

Ishirini na nane Shaabani. Mwezi unaweza kuandama kesho jioni. Ndege inaruka kesho alasiri. Nikishinda nitakuwa Badjanani kabla ya magharibi. Nikishindwa, nimeshindwa.

Nimenyoa ndevu. Nimepasi kanzu.

Jumapili, 26 Novemba

Niandike haraka, mkono unakufa ganzi.

Tulikuwa ishirini na watatu. Askari wenye bunduki kwenye kila kona ya njia, wageni chini ya turubai darajani wakinywa madafu. Mto umepungua, mawe yako nje, lakini kando kote ni kijani na milangilangi inanukia mpaka unasahau. Mgeni mmoja alikuwa anapiga picha kila kitu. Ni kweli ni pazuri. Nilipachukia.

Mara ya kwanza na ya pili nilikuwa wa kumi na kitu. Mara ya tatu vijana walianza kukaa chini, hawajala vizuri miezi mingi, wanakimbia na nini? Mara ya nne nilikuwa wa tano. Ya tano, wa tatu. Wanawake wa kufua walianza kuniita kwa jina, wengine walinimwagia maji. Goti lilikuwa moto mtupu. Nilikuwa nalia na sikujua nalia mpaka nilipoonja chumvi.

Mara ya sita nilibaki na Abdu peke yake mbele, hatua mia. Nilijua simpati. Nilijua kabisa. Tulipoanza ya saba wala hakugeuka nyuma.

Alianguka kwenye kivuko, anarudi. Mawe yote yalikuwa yamepakwa tope na miguu yetu, akakanyaga jiwe la tano, lile alilonionya mimi. Nilipofika alikuwa amekaa ndani ya maji ameshika kifundo cha mguu. Akanyoosha mkono. Akasema, "Fundi, nishike."

Sikumshika. Niliruka mawe sita, nikapita. Nilimsikia akiniita tena, si kwa hasira. Sikugeuka.

Nimeshinda. Wamenivika shada, mgeni amenipa mkono, mkubwa mmoja amesema mimi ni ishara ya kisiwa. Abdu ameletwa amebebwa na wawili. Hakuniangalia. Nilitaka kumwendea. Sikumwendea.

Kisha wakasema ndege inaruka kesho asubuhi, si leo. Mazungumzo hayajaisha.

 Mbio zote zile, mtu yule nimemwacha majini, na mwezi unaandama leo.

Magharibi nimesimama ufukoni na mji mzima. Wenzangu waliutafuta waupate, mimi niliutafuta nisiuone. Mawingu membamba upande wa kuchwa. Tulitazama mpaka giza likaingia. Hakuna aliyeuona. Kadhi ametangaza: kesho ni thelathini Shaabani, kufunga ni Jumanne. Watu wakaondoka wakinung'unika. Mimi nimesujudu palepale mchangani.

Nina siku moja. Alhamdulillahi. Kesho nitakula chakula cha mchana nyumbani kwangu.

Jumatatu, 27 Novemba. Moroni.

Ndani ya ndege nilipewa biskuti. Niliweka moja mfukoni, nikaitoa nilipokuwa nateremka ngazi, nikauma. Mpagazi wa uwanjani akanitazama. "Mtu mzima, huna haya? Mchana wa Ramadhani."

Nilidhani ni mzaha. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nimemuuliza Ramadhani gani. Akasema Ramadhani ya leo, moja, mwezi umeonekana jana Itsandra, mji wa jirani. Nikatema. Nikakaa kwenye ngazi ya ndege, watu wakinipita na mizigo yao.

Gari limepita Itsandra, migahawa imefungwa, wanaume wamelala vivulini kama watu wanaofunga. Bado nilikuwa najiambia labda kadhi alichelewa, labda alikuwa na kazi nyingine. Bahasha ya salamu za vijana nimempa dereva aipeleke kwa wenyewe. Sikumbuki hata ilikuwa ya nani.

Badjanani. Uchochoro uleule. Mjomba Saidi amekaa kibarazani na tasbihi, kama mtu aliyejua saa nitakayofika. Hakunitukana, amenikaribisha nikae nje. Akasema, "Mwanangu, imekwisha jana baada ya magharibi. Kadhi alikuja mwenyewe." Sanduku langu lilikuwa limeshawekwa mlangoni. Nguo zimekunjwa vizuri, zimetiwa asumini. Mikono ya Zainaba.

Nimesema Mutsamudu leo bado ni Shaabani. Nimesema kwa sauti, majirani wakafungua madirisha. Mzee akasema, hapa si Mutsamudu.

Zainaba amesema nyuma ya mlango. Maneno machache, na sauti imekauka. "Nilipanda juu ya paa. Sikuuona, Masudi. Nilimwambia kadhi sikuuona. Akasema wameuona watu wawili wa Itsandra, wazee, hawasemi uongo."

Nikamwambia nimekimbia.  Nilimwambia, nimekimbia mara saba.  Mjomba akanyanyuka akasimama baina yangu na mlango, si kwa ukali, kama mtu anayeziba upepo. Mimi si wa nyumba ile tena. Nimechukua sanduku.

Jumanne, 28 Novemba

Nimelala kwenye karakana ya majoho, kwa fundi wangu wa zamani, juu ya vipande vya kitambaa. Amenipokea bila swali, amenipa kazi ya kola.

Asubuhi nimekwenda kwa kadhi. Mtu mpole, macho yamechoka. Nimemweleza kila kitu, mto, ndege, ufuko, kadhi wetu. Kisha nikamuuliza nililokwenda kuuliza. Jana nilikula biskuti. Kama jana ilikuwa Ramadhani, nina siku ya kulipa. Kama ilikuwa Shaabani, sina siku ya kulipa na nina mke. Anichagulie moja.

 Amefungua daftari, amelifunga. Akasema, "Lipa siku, mwanangu."

Nimemuuliza kama naweza kumposa Zainaba tena. Akasema kwa sheria unaweza, eda ikiisha. Kwa mjomba wake, sijui. Sote wawili tulijua. Kuna mtu wa Ngazija ambaye mjomba anataka amwoe Zainaba kwa harusi kubwa, fundi ameniambia, vitambaa vimeshanunuliwa.

Nimemfikiria Abdu. Angeshinda yeye, angekuwa amekaa kitandani kwa mama yake saa hizi. Nimekwenda mpaka mlango wa hospitali nimuulizie mama. Simjui jina. Sikumuuliza Abdu jina la mama yake. Nimerudi.

Jumatano, 29 Novemba

Ndege ya wapatanishi imerudi Nzwani asubuhi. Kiti changu kilikuwamo. Nimeisikia ikipita nikiwa natia uzi kwenye sindano.

Kola mbili tangu alfajiri. Kazi safi, fundi amesema. Goti limepungua. Nimefutari tende tatu msikitini pamoja na watu nisiowajua, na mmoja aliposikia lafudhi yangu amesogea kidogo, halafu akanisogezea maji.

Moroni leo tarehe tatu. Mutsamudu tarehe mbili. Nitafunga na watu wa hapa mpaka mwisho. Lakini ile siku moja siilipi, kadhi anisamehe. Nikiilipa nitakuwa nimekubali kwamba Jumatatu, nilipokuwa angani, sikuwa na mke.