Sauti ya Baba Imerudi Kwenye Folda

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili asubuhi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Na shemeji je? Kibonge ameshaota meno ya mbele, au bado anajidai na pengo lake? Sisi wazima. Goti la Mama limetulia, nami nimezidiwa na sare za shule, lakini silalamiki.

Barua hii nimeiweka kwenye folda yetu ya mtandaoni, maana najua huwa unaifungua kabla hata ya chai. Najua pia uliingia humo ukakuta sauti ya marehemu Baba haipo, ukanyamaza ili usitutie presha. Nakujua wewe. Sasa shusha pumzi, imerudi.

Mwizi ni Mama. Si unajua hawezi kuona vitu vimerundikana? Kompyuta ilimwambia nafasi imejaa, naye anasubiri picha za mjukuu wake Kibonge, basi akapiga fagio la nguvu: faili zote za zamani, nje! Nilipomuuliza, akanijibu bila wasiwasi, "Kwani za mdogo wako si ziko kwake?" Alidhani kila mmoja wetu ana kabati lake. Nikamweleza kwamba kabati ni moja, milango ndiyo miwili. Akifuta hapa, na kwako kunafutika. Alikaa kitako palepale. Chakula cha mchana hakukigusa.

Hatuna sauti nyingine ya Baba zaidi ya ile niliyomrekodi akiwa kazini hapa kwenye cherehani. Nilitafuta kila kona ya folda, mpaka nikagundua kuwa huko mtandaoni taka hazimwagwi papo hapo. Zote zilikuwa bado kwenye pipa. Nikazirejesha, nikafungua ile yake, na chumba kizima kikamsikia fundi wetu akimpima Mama gauni: "Simama wima, mama watoto. Ukicheka, vipimo vinakimbia."

Mama alicheka mpaka akalia, nami nikamfuata. Nimeshainakili kwenye flashi, iko ndani ya kopo la vifungo.

Ila jana nimekuta faili mpya kando ya ile ya Baba. Nikadhani Mama kabonyeza kwa bahati mbaya, nikaifungua. Ni yeye, peke yake, kwa sauti ya chini: "Nimesimama, baba watoto. Pima."

Hiyo usiifute, hata nafasi ikijaa.

Msalimie sana shemeji, na Kibonge mbusu hapo hapo penye pengo. Mama anawaombea mlale salama na mwamke na nguvu.

Wako akupendaye daima,
Dada yako wa cherehani