Jina Nililoandika Kwenye Kiroba

Jumatano. Mvua imepiga tangu alfajiri mpaka saa nne, halafu jua likatoka kama vile hakuna kilichotokea. Mtaa wetu, hapa nyuma ya Kariakoo, unanuka maji ya mtaro. Saa hizi ni magharibi. Nasra amelala kifuani kwangu, naandika kwa kidole kimoja.

Shajara yangu, leo nimesimama mahakamani.

Najua nimekutupa muda mrefu. Wakili alinikataza kuandika chochote mtandaoni, akasema maneno ya simu yanaweza kugeuka kamba ya shingoni. Leo nimeshayasema yote kwa kiapo, mbele ya watu, na amenikubalia niandike mradi nisitaje jina la mtu wa kesi hii. Basi sitaji.

Wewe unayenisoma kwa mara ya kwanza, mume wangu namwita Baba Nasra. Ni mbeba mizigo Kariakoo. Alikuwa na mkokoteni wake mwenyewe, wa mbao nzito, na mimi nilikuwa nakaa kwenye kona yao na sindano ya magunia na makapeni, ile kalamu nene ya wino. Wateja wa mikoani wakishanunua viatu vya mitumba Mchikichini wanakuja kwetu. Mimi nashona kiroba, naandika juu yake jina la anayepokea na la anayetuma, yeye anasukuma mpaka kwenye mabasi.

Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini mwandiko ninao. Mwalimu wetu alikuwa akichoka ananiita mimi nikaandike ubaoni. Kwenye viroba nilikuwa namalizia kila jina kwa kanyota kadogo, ili mizigo ya kona yetu isichanganyike na ya wengine. Nilikuwa najivunia kale kanyota.

Sasa sikia utaratibu wa kona yetu. Mzigo haupokelewi kwenye basi bila jina na namba ya anayetuma. Mteja wa mkoani hapa mjini hana mtu, na yeye mwenyewe anakuwa ameshatangulia. Kwa hiyo mahali pa anayetuma tunaandika jina la aliyeubeba. Kona nzima inafanya hivyo, miaka nenda miaka rudi. Tena ni sifa, maana jina lako likifika Mbeya, kesho mtu wa Mbeya anakupigia wewe.

Mteja yule alikuja mara tatu. Kijana msafi, mpole, ananiita shemeji, anamchekesha Nasra mpaka anapata kwikwi. Mara ya tatu alileta kiroba cha viatu akasema andika jina la mumeo kama siku zote, mimi natangulia. Nikaandika. Herufi kubwa, nzuri, zimenyooka. Nikaweka nyota.

Kwenye mabasi askari walikuwa wanapekua mizigo. Walipochana soli za vile viatu, ndani mlikuwa na unga. Na siyo wa ugali.

Wakauliza kwa sauti, jina hili la nani. Baba Nasra akanyoosha mkono kama mtoto anayeitwa darasani. Akasema ni mimi.

Huyo ndiye mume wangu. Ukimwita anaitika.

Namba ya mpokeaji mpaka leo haipatikani. Yule kijana hatujamwona tena.

Wiki ile ya kwanza sikuwa najua kitu. Nilikuwa nasimama nje ya mahakama na Nasra mgongoni, nanyonyesha nikiwa nimesimama. Akanifuata mwanaume mmoja ana tai na bahasha ya kaki, akaniambia yeye ni wakili, amenionea huruma. Akasema kesi yenyewe ndogo tu, ya kukutwa na unga, wala nisilie, ataongea na watu. Alitaka kianzio. Sikuwa nacho. Akaniuliza mumeo ana mali gani.

Nikampa mkokoteni.

Nimeshaandika, basi. Nilimpa mkokoteni wa mume wangu mtu ambaye hata siyo wakili. Karani wa mahakama alicheka nilipomtaja, akasema dada, huyo ni kishoka, wako wengi hapa, ulikuwa umelala? Wiki iliyofuata niliuona mkokoteni wetu unasukumwa na mtu mwingine karibu na Mnazi Mmoja. Ubavuni jina la Baba Nasra bado lipo, nililiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Nikatembea nyuma yake hatua kama ishirini, halafu nikaacha.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja kwenye foleni ya kupeleka chakula mahabusu, ana mwanawe humo. Aliniambia usitoe tena hata kikombe, nenda kaombe msaada wa kisheria, ni haki ya mtu asiyejiweza, wala usione haya. Akanielekeza ofisi moja Posta, ghorofa ya pili.

Huko ndiko nilikompata wakili wetu wa kweli. Ni dada wa Kichaga, sauti yake ya chini, hana maneno ya kubembeleza. Akaomba karatasi ya mashtaka. Nilikuwa nayo siku zote, nimeikunja kwenye kanga, nimeisoma mara mia na nilidhani nimeielewa. Akaweka kidole kwenye neno moja. Kusafirisha.

Nikamwambia lakini mzigo haukusafiri, ulikamatwa palepale chini. Akanieleza kwamba kwenye sheria hii kusafirisha hakusubiri gari liondoke. Kubeba ni humo, kuhifadhi ni humo, kuuza ni humo, kupeleka kwa mtu ni humo. Kukutwa na kidogo cha kutumia mwenyewe ni kosa lake jingine, na lile ndilo kishoka aliloniimbia. Hili la kwetu ni miaka thelathini. Na kwa uzito ule, dhamana hakuna.

Miaka thelathini. Nasra atakuwa amenipita umri niliokuwa nao siku ile.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Kwenye maelezo yake polisi, Baba Nasra alisema jina lile aliliandika yeye kwa mkono wake.

Mume wangu aliishia darasa la tatu. Kuandika jina lake kunamchukua muda, anatoa ulimi nje kama anafuma. Alidanganya ili mimi nisiulizwe.

Wakili akasema huo uongo ndio unaomfunga. Mtu anayeandika jina lake mwenyewe juu ya mzigo anasema mzigo huu wangu. Lakini kama liliandikwa na mwingine, kwa desturi ya kazi, hapo kuna mlango. Mdogo, ila ni mlango. Ila nikipita mimi kwenye huo mlango, alisema, wanaweza kuufunga na mimi nikiwa ndani. Wakitaka wataniunganisha kwenye kesi hiyohiyo. Hakunisukuma. Alisema nikae nifikirie, yeye hawezi kuniamulia.

Nilimwambia Baba Nasra kwamba nataka kusema ukweli, siku waliyomleta kutajwa kesi, kabla hawajampandisha karandinga la mahabusu. Sekunde chache tu. Hakunipandishia sauti.

"Mama Nasra, wewe hukushika kalamu. Umenisikia? Mtoto asikose wote wawili."

Nikarudi kwenye kona kutafuta mashahidi. Nilitaka mmoja tu aje aseme kwamba sisi ndivyo tunavyoandika. Mmoja tu! Viroba vyao vyote nimeandika mimi. Wapo walioniachia chai yao, wapo waliomvalisha Nasra hirizi akiwa mchanga. Wakaniangalia kama nimetoka makaburini. Mwenye duka tuliyemshonea mizigo kila Jumamosi alisema hanikumbuki vizuri. Mmoja, rafiki wa Baba Nasra wa kula sahani moja, alikwenda mahakamani kweli, ila kwa upande wa Serikali. Akasema kila mbeba mizigo anaandika jina kwenye mzigo wake mwenyewe, huo utaratibu mwingine yeye hajawahi kuusikia. Alikuwa amevaa shati nililomfulia.

Mama mkwe naye. Nilikwenda kumsalimia, nikasema shikamoo mama. Hakuitika marahaba. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Hiyo kalamu yako ndiyo iliyomzika mwanangu," akasema. "Sasa unasubiri nini, tukupe pole?"

Nilichukua viatu vyangu nikatoka. Na mimi nasema hivyohivyo kila nikiamka.

Basi, leo.

Nimemwacha Nasra kwa jirani, nimevaa baibui la Idi. Nimeapa. Wakili wetu ameniuliza taratibu, nami nimeeleza yote: sindano, makapeni, yule kijana mpole, kona na desturi yake. Sikumwangalia Baba Nasra. Nilijua nikimwangalia nitanyamaza.

Halafu akasimama wakili wa Serikali. Yule baba anaongea kama anayecheka na wewe. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema la saba. Akasema, ooh, la saba, na mwandiko mzuri. Watu nyuma wakacheka. Akaniuliza kama nampenda mume wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mke anayempenda mumewe anaweza kumdanganyia hakimu ili amtoe. Nikasema sijui wanawake wengine. Wakacheka tena.

Hapo ndipo aliposogea karibu.

"Kwa hiyo shahidi, unaiambia mahakama wewe ndiye uliyeshona huu mzigo, wewe ndiye uliyeuandika. Labda tumemkamata mtu siye?"

Nilisikia maziwa yanatoka yenyewe, yananilowesha kifuani, maana ulikuwa ni wakati wa Nasra kunyonya.

"Nilikishona kiroba na nikaandika jina," nikasema. "Sikumwuliza mteja kuna nini ndani ya viatu. Hatuulizi."

"Hamuulizi," akarudia, akawageukia watu. "Biashara nzuri."

Hakimu hakucheka. Ameagiza nipewe karatasi na makapeni. Kile kiroba kimeletwa, chafu, kimekunjwa, kina lebo ya mahakama. Akaniambia niandike jina lile kama nilivyozoea.

Shajara, nimeishika ile kalamu. Nimeandika kama nipo konani na mteja ana haraka. Na mwisho, wala sikufikiria, mkono wenyewe ukachora kanyota.

Hakimu ameweka karatasi pembeni ya kiroba, ameangalia huku, ameangalia kule, muda mrefu. Akaandika kwenye faili lake. Sijui aliandika nini. Ningetoa chochote kujua aliandika nini.

Hukumu itasomwa baada ya wiki mbili.

Walipokuwa wanamtoa Baba Nasra ilibidi apite karibu yangu. Nilidhani atanishukuru hata kwa macho. Amekonda, kola ya shati imekuwa kubwa. Amepita huku anaangalia sakafu, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikwambia nini, Mama Nasra?" Basi. Askari akamvuta.

Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani.

Wakili amesema nimefanya vizuri, ila hataki kunidanganya. Hakimu anaweza kuamini kwamba mimi ndiye niliyeandika na bado akasema Baba Nasra alijua. Anaweza kumwachia. Au Serikali inaweza kunirudia mimi. Kaniuliza nina nani wa kumwachia mtoto endapo watanichukua.

Nina dada yangu Morogoro.

Nimepita kona wakati narudi. Sijui kwa nini nimepita huko, njia nyingine zipo. Kwenye kile kigoda changu amekaa binti mwingine, mdogo kuliko mimi. Alikuwa anaandika juu ya kiroba, na mteja amemsimamia anatazama saa. Nikachungulia. Mahali pa anayetuma ameandika jina la rafiki yetu yule wa sahani moja, mwenye shati. Mwenyewe yupo pembeni anasubiri mzigo wake, amenyoosha miguu.

Ameniona. Akageuza uso.

Nilitaka kucheka, halafu nikataka kulia, halafu nikamwinamia yule binti nikamwambia, mdogo wangu, kabla hujashona, mwambie mteja amwage viatu chini, mvishike kimoja kimoja. Akaniangalia kama mwehu. Mteja akanifyonya. Nikaondoka.

Bado naamini. Sijui naamini nini hasa, ila naamini. Hakimu aliitazama ile nyota muda mrefu. Asingeitazama vile kama haikuwa kitu.

Lakini nimeshaandaa begi la Nasra. Nguo zake nne, kadi ya kliniki, ile kanga anayolalia. Nilipolifunga zipu niliona halina jina, na mzigo hauondoki bila jina, ndivyo nilivyojifunza. Nikatoa makapeni. Anayepokea nikaandika dada yangu, na namba yake. Nikafika mahali pa anayetuma, nikasimama kidogo. Miaka yote ile sijawahi kuandika jina langu pale.

Nimeliandika, majina yote matatu, herufi kubwa. Begi hili ninajua kilichomo ndani.

Kanyota nimekaacha kwanza. Nitakaweka siku nikilifungua hilo begi mwenyewe, humu humu ndani, na Nasra anakanyaga nguo zake na baba yake anamgombeza.