Jumuiya Ibaki kwa Agnella

Dativa mwanangu, na wewe Silvano,

Wali upo jikoni, nimeufunika na sahani. Kuku wafungulieni. Mwandiko usiwashangaze, nimeandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado unasusa kazi tangu kile kiharusi.

Dativa, asubuhi ulidhani nimelala. Nilikusikia ukimwambia mwenyekiti wa jumuiya kwenye simu kwamba sala ya leo ihamie kwetu, eti "mama hatembei tena." Zamu ya kupokea wanajumuiya ni ya Agnella! Ameshafagia uwanja, ameshaazima mabenchi. Mimi ndiye nimnyang'anye wageni wake? Na mazoezi yote yale ya kutembea nimeshika ukuta, mlidhani nacheza?

Basi nimekwenda kwa miguu yangu. Fimbo ninayo, rozari iko shingoni. ~~Nikichoka nitaita bodaboda.~~ Nikichoka nitasimama.

Kile kiti cha magurudumu msinifuate nacho. Kitumieni kuanikia nguo.

Na mkinikuta njiani nimeegemea ukuta wa watu, nahema, msithubutu kunibeba. Niamkieni shikamoo kama mnavyomwamkia mtu mzima yeyote, halafu mpite.

Mama yenu