Kafuri Niliyonunua Siku ya Mama Yako

Bweni, ng'ambo ya Pangani,
Jumatatu, 9 Septemba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Luqmani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia, basi naitikia kabisa, marahaba mwanangu. U hali gani huko Sumbawanga? Baridi inasemaje? Mkeo hajambo? Na kifua cha yule mdogo kimepoa? Mkandeni kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Msimpake yale ya kichupa cha dukani, yale nazi iko kwenye picha tu, ndani hamna.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Goti la kushoto linanisumbua, lakini nina miaka sabini na nane na kivukoni nakwenda kwa miguu yangu, na vijana nawapita njiani.

Wewe ni mwalimu, hii hati yangu usiitie wino mwekundu. Mimi nilisoma ngumbaru miezi minane tu, na nikatoka wa kwanza. Naandika mwenyewe, siku ya nne leo, kwa sababu jambo lenyewe siwezi kumpa mtu aniandikie. Na simu imenishinda. Nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za mvua.

Unaijua pua yangu. Miaka thelathini nimenunua mbata za nazi hapa Pangani. Gunia likifunguliwa mlangoni, mimi niko ndani nakunywa kahawa, nasema hii ya jua, hii ya moshi, hii imelala na unyevu. Hakuna aliyebisha akashinda. Ndiyo maana haya mambo ya siku hizi nayasema sana barazani: sabuni inanukia limau na limau haijaliona, mashuka yananukia maua ambayo nchi hii hayaoti, vijana wanajipulizia makopo mpaka mtu unapiga chafya kwenye rukuu. Hata udi, wanachukua vumbi la mbao wanalinyunyizia mafuta. Watu wanacheka, na mimi najiona bingwa. Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba nimenusa ugoro miaka ishirini sasa, na kahawa yenyewe siku hizi naijua kwa moto wake.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Siku aliyofariki mama yako Saleha, Mungu amrehemu, nilisema kafuri ya kumwoshea nanunua mimi, ndugu yake wa tumbo moja. Nikavuka maji mpaka sokoni. Mwenye duka hakuwapo, alikuwapo mtu kamshikia. Nikaona vidonge vyeupe kwenye nailoni, nikanyoosha bakora, nipe ile. Akasema, "Mzee, ile ni ya..." Sikumwacha amalize. Nikamwambia nimezika watu wewe hujazaliwa. Yale maandishi ya juu hayakuwa ya Kiswahili, na mimi sikutaka mtu aone kuwa sijayasoma. Nikafungua, nikanusa, kikanipanda kichwani. Nikasema hii ndiyo yenyewe, kali.

Dada yako Nasra ndiye aliyepewa kusaga. Alinifuata nyuma ya jiko, kinu kidogo mkononi, tulikuwa wawili tu.

"Mjomba, hebu nusa tena. Hii si kafuri."

"Ni nini basi?"

"Ni ile ya kuwekea chooni. Kazini tunaiweka kila asubuhi."

Unajua Nasra anafanya usafi kwenye ile nyumba ya wageni kule ufukweni, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha mama yako miaka yote ulipokuwa mbali. Mimi nikamwambia, "Pua yako imekaa sana kwenye vyoo vya wageni, kila cheupe kwako cha chooni. Saga!"

Akainama akasaga. Machozi yalikuwa yanadondokea kinuni na mimi nikimwona.

Mama yako akaoshwa kwa maji ya mkunazi kama ada, na maji ya mwisho yakatiwa kile nilicholeta mimi. Pamba zikapakwa hichohicho, zikawekwa kwenye paji la uso, kwenye viganja, kwenye magoti, mahali pote alipokuwa akisujudia. Jeneza lilipotoka watu walikuwa wanavuta hewa wakitazamana. Mimi nilikuwa mbele, kichwa juu. Nilidhani wanaisifu kafuri ya Uweso.

Siku ya hitima, bibi aliyemwosha, Bi Tausi, akaniuliza mbele ya watu, "Mzee Uweso, ile kafuri uliitoa wapi? Mikono yangu mpaka leo inanuka choo."

Hapa Luqmani soma polepole, sitaandika mara mbili. Nilijibu hivi: "Mimi nilileta kafuri safi. Kilichotiwa huko ndani mnakijua wenyewe wa ndani. Muulizeni anayefanya kazi vyooni."

Ndivyo nilivyosema, wallahi. Nasra alikuwa anapita na sinia la wali. Alilitua, akaingia chumbani. Angejitetea vipi? Aseme alijua si kafuri, na bado akasaga? Na amwambie nani, wakati anayemsema ni mjomba wake?

Maneno yakatembea. Wakasema Nasra alichukua dawa ya choo kazini kwake akamtilia mamake, kafuri ya mjomba akaibania. Yakafika mpaka Sumbawanga. Nilisikia ulimwambia asikupigie tena, na kwamba harusi ya binti yake mwezi ujao huji, na wewe ndiye mjomba wa bibi harusi. Niliyasikia hayo na nikala chakula changu. Siku zile nilikuwa nusu naamini maneno yangu, nusu najua. Ile nusu inayojua nikaiwekea ugoro.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Tanga, pale Raskazone, ofisini, kufuatilia hati ya shamba. Nikaomba choo. Ofisi nzuri, choo cha vigae. Nikatazama chini, vile vidonge vyeupe vimo mle, na maji ya watu yanapita juu yake. Ile harufu ikapanda. Pua yangu hii iliyokufa, siku hiyo ikafufuka. Nilimwona Saleha na pamba zake. Nilitoka sijafanya kilichonipeleka.

Mama mmoja wa usafi, Bertha, mtu wa Lushoto, akaniuliza, "Babu, unaumwa?"

Nikamwambia siumwi. Vile vyeupe vinauzwa wapi?

"Popote babu, hata huko kwenu. Unataka vya kabatini au vya chooni? Ni hivyohivyo."

"Na kafuri je?"

Akacheka, hakuwa na ubaya. "Kafuri si ya kuzikia ninyi? Hivi ni vya mende, babu."

Nilikaa kwenye ngazi mpaka ofisi ikafungwa. Hati sikuiulizia.

Nilikwenda kwa Shehe Abdulghani. Nilitaka aniambie mama yako kaoshwa vibaya, ili nilie kwa hilo na lile jingine lisahaulike. Akasema kafuri ni sunna, Saleha alioshwa, akasaliwa, akazikwa, hajapungukiwa kitu. Akaniambia, "Uliyemdhulumu yu hai, mzee wangu, na nyumba yake unaijua."

Nikamwendea Bi Tausi kwanza, maana nilijua peke yangu nitageukia njiani. Hakunitukana. Alivaa kanga, akanifuata nyuma kama anayeswaga mbuzi. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nasra alikuwa barazani anachambua mchele. Nilisimama nikasema yote, la duka, la nyuma ya jiko, la hitima. Hakuinua kichwa.

"Kaka anajua?"

Nikasema bado.

"Mwambie kaka."

"Nisamehe mwanangu."

"Mwambie kaka kwanza, mjomba. Mimi nipo, siendi mahali."

Akaendelea na mchele wake. Kiti hakunipa, na mimi sikukitafuta.

Kesho yake Ijumaa, kwa kuwa msikiti ulikuwa karibu kuliko Sumbawanga, nilisimama baada ya sala. Unajua mimi kusema mbele za watu sijawahi kutetemeka, nimesuluhisha mashamba, nimeoza wasichana wa ukoo mzima. Ijumaa hii ilibidi nishike nguzo. Nikawaambia kafuri ile niliinunua mimi, Nasra alinikataza, nikamlazimisha, kisha nikamsingizia. Wengi walitazama mikeka. Mmoja wa wale ninaowachekesha barazani alitoka bila kunipa mkono. Na wake zao nao wamekwisha kuambiwa, maana jana watu watatu wamekwenda kwa Nasra na sahani zimefunikwa.

Umebaki wewe.

Sikuandikii unitetee, wala sisemi ni uzee. Siku ya hitima si uzee uliosema, nilisema mimi. Mimi uniweke unapoona panafaa, nitakaa hapo. Lakini dada yako miezi minane amebeba kosa langu kwenye msiba wa mamake mwenyewe, na aliyemwumiza zaidi ya mimi ni wewe, kwa sababu yangu.

Nisalimie mkeo, na watoto wote kwa majina yao. Bi Tausi anakusalimu, anasema mama yako alikuwa mwepesi mikononi na uso wake ulikuwa mzuri, alitaka ulijue hilo. Mungu akulinde na ulimi wa watu, wangu ukiwemo, akupe watoto wanaosikilizwa wanaposema.

Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie Nasra. Akichelewa kupokea usikate tamaa, piga tena.

Ni mimi nikupendaye, ingawa kwa aibu,
mjomba wako,
Uweso.