Kwenye Mlango wa Konokono

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya ishirini na sita. Mayai mawili, dawa, kulala upande wa kushoto. Kiprono ameenda zamu ya asubuhi kiwandani. Mama yake ameleta uji, ameuliza kama nimemeza dawa, ametoka kwenda kuchuma chai. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Miaka minne katika boma hili na bado tunaongea kama karani na mteja. Kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis. Mimi ni Mkisii, Kikipsigis changu ni cha salamu tu. Kiswahili chake ni cha soko. Mimi ninafundisha Kiswahili. Basi.

Daktari amesema nisiinuke ila kwenda msalani, mpaka wiki ya thelathini na nne. Mlango wa kizazi umeshonwa uzi. Wale wawili wa kwanza walitoka kabla ya wiki ya ishirini na tatu. Huyu amewapita. Naogopa hata kuandika hivyo.

Kwa yule wa pili Kogo hakuja hospitali kuniona. Sijasahau.

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu Moraa amekuja kutoka chuo, Kabianga. Ameniachia kompyuta yake kuukuu yenye gemu moja. Nikamwambia mimi ni mwalimu, sichezi gemu. Amecheka, akaiacha kitandani.

Jumapili, 9 Machi

Nimecheza siku tatu. Aibu kidogo.

Ni gemu la ajabu. Michoro yake ni ya mtoto wa darasa la tatu. Wewe ni mbeba maji katika nchi iliyo chini ya ziwa, unapeleka mtungi mmoja kwa mtu usiyemjua. Njiani unakutana na viumbe: jiko linaloogopa moto, jino ambalo ni chifu, mbuzi anayeuza milango bila nyumba. Kila ukikutana na kiumbe unaulizwa utafanya nini. Piga. Pita. Ongea. Kaa. Hayo manne tu. Sijui Kaa ni ya nini, nimeijaribu, hakuna kilichotokea.

Kinachonishika ni kwamba hawasahau. Nilimpita yule mbuzi bila kusema neno. Vijiji vitatu mbele, jiko limeniuliza kwa nini nilimdharau mbuzi. Nimecheka mpaka nikashika tumbo. Halafu nikahuzunika kweli, kwa ajili ya mbuzi wa kuchorwa.

Na hakuna kurudi nyuma. Linajihifadhi lenyewe. Ulichofanya umefanya.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Kogo hakwenda shambani. Aliketi kitini akichambua mboga, macho kwenye kompyuta. Nilipotaka kulipita boga moja lenye miwani, akanizuia.

"Mwalimu, salimia yeye kwansa. Iko kwa boma yake. Huwesi bita tu hivyo."

Nikachagua Ongea. Boga likatupatia daraja. Peke yangu nilikuwa nimetafuta njia ya kuvuka mto ule siku mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Sasa ni desturi. Akitoka kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, ananawa mikono, anaketi. Nasoma Kiingereza, nageuza Kiswahili, yeye anaamua. Anasalimia kila kitu. Ameuliza chifu Jino habari za ng'ombe. Nikamwambia hilo si chaguo lililopo. Akasema walitengeneza vibaya.

Hajapiga hata kiumbe kimoja. Nilidhani ni mtu mkali. Labda sikuwahi kumwona akichagua.

Jumatano, 26 Machi

Nilisinzia mchana. Nimeamka Kogo amesimama katikati ya chumba, mikono kifuani.

Alitaka kujaribu peke yake. Alikutana na Konokono, yule mpeleka barua, mpole kuliko wote. Alitaka kumsalimia. Hasomi Kiingereza. Alibonyeza Piga. Konokono ana uhai wa pigo moja tu. Barua zimetawanyika barabarani, na ganda limelala katikati.

Nilimwambia ni gemu tu. Hakula jioni. Kiprono ameniuliza nimemfanyia nini mama yake.

Alhamisi, 27 Machi

Damu. Asubuhi, nikienda msalani. Si nyingi. Ni damu.

Kogo ndiye aliyeiona shukani. Uso wake ulivyokuwa sitausahau. Najua alichofikiri, maana nami nilikifikiri, kwa sekunde moja, mimi mwalimu niliyesoma.

Gari la jirani. Hospitali ya Kapkatet. Naandika kwenye karatasi ya nyuma ya kadi ya kliniki. Mungu, usimchukue huyu. Sina maneno mengine.

Jumapili, 30 Machi

Nyumbani. Uzi umeshika. Moyo wake unapiga, nimeusikia kwenye mashine mara nne, niliomba warudie nao wakarudia. Kulala, kulala, kulala.

Safari hii Kogo alikuja hospitali. Alisimama mlangoni mwa wodi siku zote tatu, hakuingia ila kuleta chakula. Haangalii kompyuta. Imefunikwa kwa kitambaa cha mezani.

Jumanne, 1 Aprili

Leo ameifunua mwenyewe. Ameuliza kama Konokono ana watu wake.

Nimetafuta. Ana mke. Nyumba yake ni ganda kubwa kando ya njia, mlango umefungwa. Ukibisha, maandishi yanasema hakuna mgeni anayehitajika hapa. Nikachagua Ongea. Kimya. Nikamwambia Kogo imeshindikana, tuendelee na mtungi wetu.

Akakataa. Alisema kwao ukimuua mtu, hata kwa bahati mbaya, huendi kulala kwako kana kwamba hakuna jambo. Unakwenda. Unakaa. Hata wasipokufungulia.

Akauliza kama kuna Kaa. Ipo, nikasema. Nikabonyeza.

Mbeba maji wetu ameketi chini, mtungi pembeni. Hakuna kilichotokea.

Jumatano, 2 Aprili

Bado amekaa. Kogo hataki niguse kitu. Anapukuchua maharagwe karibu na kompyuta kama mtu aliye matangani. Stima ilipotea saa mbili nzima, betri ikabaki kidogo sana, nikamwona akiomba. Stima ilirudi.

Saa kumi mchana ndani ya ganda kumewaka taa. Mimi na yeye tumetazamana. Nimesoma mabaraza ya wachezaji kwenye simu, nao wote wanasema nyumba ile haifunguki, ni pambo tu. Hakuna aliyekaa siku nzima.

Alhamisi, 3 Aprili

Mlango umefunguka. Saa nne asubuhi. Nimepiga kelele, Kogo akaja mbio kutoka zizini na ndoo ya maziwa mkononi.

Mjane wa Konokono ni mdogo, amevaa barua moja kama kitambaa cha kichwa. Ameuliza: ulikuwa unangoja nini hapa nje?

Majibu matatu. Msamaha. Mlango. Sijui. Nikamgeuzia Kogo moja moja, nikamwambia achague.

Hakuchagua. Aliweka ndoo chini. Akaongea, naye hakuwa akiongea na mjane.

"Ile mara ya pili, Mwalimu. Mimi nilikuja. Nilifika geti ya hospitali, nikakaa kwa mawe mpaka jioni. Nikarudi."

Nikauliza kwa nini hakuingia.

"Mimi pia nilisika watoto wawili. Kabla ya Kiprono. Hakuna mtu alikuja kusema kitu. Sasa sikujua watu husema nini."

Sikujua. Kiprono hajui. Miaka miwili nimemchukia mwanamke huyu kwa siku ile, na siku ile alikuwa ameketi juu ya mawe, mita hamsini kutoka kitandani kwangu.

Nililia. Alinishika mguu, kwa kuwa mguu ndio uliokuwa karibu. Tulikaa hivyo mpaka skrini ikazima yenyewe.

Baadaye tulichagua Sijui. Mjane akatukaribisha chai.

Jumatatu, 28 Aprili

Wiki ya thelathini na nne. Naandika kwa herufi kubwa moyoni tu. Kogo amechinja kuku. Gemu halijaisha, hatuna haraka. Tunapita kwa mjane kila siku kumjulia hali kabla ya kwenda popote, ni sheria ya Kogo.

Jumatano, 14 Mei

Amekuja. Msichana. Kilo mbili na robo, ana hasira. Walinikata uzi juzi, naye hakungoja. Analia. Analia! Sijawahi kusikia sauti tamu hivi. Kiprono ameketi sakafuni.

Jumapili, 18 Mei

Nyumbani. Baada ya kanisa walikuja wanawake wa boma kumpa jina la asili. Hapa hutajwa majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na mtoto akipiga chafya, basi huyo ndiye aliyemrudia. Nilikuwa nimekaa pembeni. Ni majina ya upande wa baba, sikutarajia lolote.

Walitaja la kwanza. La pili. La sita. Mtoto anapiga miayo. Wakaanza kuchoka, mmoja akaenda kuangalia maziwa jikoni.

Kogo, aliyempakata, aligeuka akaniuliza mama yangu marehemu aliitwa nani. Wanawake wakamtazama. Nikasema, Kerubo.

"Kerubo," akasema Kogo, taratibu, akiinama kumpangusa mtoto uso kwa kidole.

Mtoto akapiga chafya. Mara mbili. Vigelegele vikajaa chumba.

Pale pembeni nilikuwa karibu nao. Niliona kidole kile kabla hajakifuta kwenye leso. Kilikuwa na ugoro.

Sijamwambia mtu. Mtoto amelala. Kogo amelala pia, kitini, mdomo wazi. Mtoto anaitwa Kerubo.