Yule Mama wa Swima

Mama mushauri mpendwa, nakuandikia kutoka Baraka, huku Kongo, naomba unisikilize mbele ya kunihukumu.

Jina langu ni Godelieve, niko na batoto batatu. Mwaka jana tulirudi kutoka kambi ya Tanzania, sikukuwa na nyumba wala ndugu, bantu balikuwa banatuita "ba ng'ambo ya ziwa", ni dada mumoja tu, Espérance, alinifungulia mulango, akanikatia kipande cha shamba ya muhogo, akanipeleka kwa bamama bengine benye balikimbia vita, kila juma tunakaa nyuma ya kanisa, kila mumoja anaeleza njia yake, tunalia, tunacheka, na hapo ndipo nilijisikia tena kuwa muntu.

Juzi Espérance akaeleza yake. Akasema, "Mama yangu tulipotezana Swima, kando ya ziwa, tukikimbia vita ya mwaka wa tisini na sita. Alikuwa na uvimbe mukubwa kwa shingo. Miaka kumi namutafuta, kila mashua inatoka Kigoma naiulizia. Pengine yuko Kigoma."

Mama, ule muzee namujua. Siku ile risasi zilikuwa nyuma yetu, mutumbwi umejaa, maji yanaingia, yeye akashika ukingo, akaniambia, "Mwanangu, univute," na mi, mutoto mugongoni, nikamubandua vidole kimoja kimoja, akazama, hakuinuka tena.

Espérance akaniuliza, "We ulipitia Swima, haukumuona?" Nikajibu, "Hapana." Tangu pale sili, silali. Nikisema, batanifukuza bote. Nikinyamaza, ananikumbatia. Nifanye nini?

JIBU

Godelieve, barua yako nimeisoma mara mbili. Mama mwenye mtoto mgongoni na risasi nyuma yake, mimi simrushii jiwe. Lakini lile "hapana" la juzi si la vita. Ni lako.

Unaogopa kufukuzwa? Wale akina mama bado hawakujui. Wamempokea mwanamke mwingine mwenye jina lako. Na Espérance anakimbilia kila mashua ya Kigoma kumuulizia marehemu, nawe unamtazama! Hiyo ni aibu.

Usiliseme kwanza mbele ya kundi. Nenda nyumbani kwake asubuhi, pamoja na mama mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili. Mwambie siku, mahali, ulichofanya, na neno la mwisho la mama yake. Usilie kumzidi. Usiombe msamaha siku hiyo. Akikupiga, vumilia. Akitaka shamba lake, mrudishie. Huenda asikusamehe kamwe, sitakudanganya. Ila miaka kumi amekosa kuweka matanga ya mama yake, na hakuna mwingine wa kumpa ruhusa ya kulia. Nenda kesho.